Barua ya wazi kwa wakuu wa Arusha na Moshi. Yah: Sekunde tano za mwenye kigugumizi

Kwa wakuu wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, wakurugenzi wa Jiji la Arusha na Manispaa ya Moshi, waganga wafawidhi, makamanda wa polisi, wasimamizi wa mipaka ya Namanga na Holili, na kila anayeendesha ofisi yenye dirisha la kuhudumia watu.

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika barua hii tunakijua kigugumizi kwa karibu. Wengine tunacho mdomoni, wengine kazi yetu ni kuwasaidia wenye nacho. Hatuna kisa cha mtu cha kuwasimulia, wala hatuji kuomba dawa. Tunaomba muda, na muda wenyewe ni mdogo. Kukwama kwingi huchukua sekunde moja hivi, na kukifika sekunde tano tayari kunahesabiwa kuwa kurefu. Yanayoharibika huharibika ndani ya sekunde hizo, na mara nyingi mharibifu ni msikilizaji.

Tuanze na kitu chenyewe, maana maofisini kinachanganywa na ububu, ulevi, uongo na ukosefu wa adabu. Kigugumizi kina sura tatu. Kuna kurudia silabi: "ni-ni-ni-naomba". Kuna kuvuta sauti: "sssssababu". Na kuna kukwama, ambako hakuna sauti kabisa. Koo limejifunga, hewa imezuiliwa kifuani, midomo imekaa tayari kwa herufi ya kwanza na haiachii. Mtu analijua neno lake vizuri, kichwani keshalisema, lakini halitoki. Karani akiinua macho kutoka kwenye karatasi anaona mtu mzima amemkodolea macho kimya, shingo imekaza, kope zinapepesa. Anasema, "Kaka, unasema au husemi? Haya, anayefuata!" Sura hii ya tatu ndiyo inayowaponza watu wengi, kwa sababu haisikiki.

Chanzo chake si woga. Woga hukizidisha, haukianzishi. Wengi huanza wakiwa na miaka 2 hadi 5. Katika watoto 100, watano hivi hukipitia, na wengi wao kinawaacha chenyewe. Kwa watu wazima kinabaki kwa kama mmoja katika kila 100, wanaume wakiwazidi wanawake karibu wanne kwa mmoja. Kinatembea katika familia: mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza jeni za kwanza zinazohusishwa nacho, na picha za ubongo zinaonyesha tofauti katika njia zinazoratibu usemaji. Kwa sensa ya 2022, mikoa yenu miwili ina watu zaidi ya milioni 4. Hata tukihesabu watu wazima milioni 2 tu, asilimia 1 ni watu 20,000. Msipowaona madirishani, ni kwa sababu wengi wao wamejifunza kutokuja, au kumtuma mdogo wao.

Na tukiwa hapo hapo, kukata udata, ule utando ulio chini ya ulimi, au kimeo hakuondoi kigugumizi. Ulimi wa mwenye kigugumizi haujafungwa. Mtazameni akiimba kwaya, akiongea na ng'ombe zizini au akisoma kwa pamoja na wenzake: ulimi ule ule unateleza kama mlenda. Mjerumani Dieffenbach aliwakata watu ndimi kwa ajili hii mwaka 1841, akiwa daktari bingwa mjini Berlin, na watu hawakupona. Hakuna sababu ya wembe kuendelea na kazi hiyo kwetu.

Sasa, mtu aliyefika miaka 25 au 40 na kigugumizi chake, uwezekano mkubwa ni kwamba atakuwa nacho hadi mwisho. Kazi iliyobaki si kukifukuza bali kuacha kukificha, na hiyo ndiyo tunayoiita kujikubali. Neno hilo limechakazwa na wahamasishaji hadi linasikika kama jambo la kuamua asubuhi mbele ya kioo. Sivyo. Ni mazoezi yenye hatua zake, yanayochukua miezi na pengine miaka, na sehemu yake kubwa hufanyika mbele ya watumishi wenu. Ndiyo maana barua imekuja kwenu.

Kwanza muone kuficha kunavyofanya kazi. Mwenye kigugumizi huliona neno gumu likija, kama dereva anavyoliona shimo kwa mbali, akalikwepa. Anataka kahawa, anaagiza chai, hapo Moshi penyewe, kwa kuwa "ka" ya siku hiyo haitoki. Anataka maparachichi manne sokoni Mbuyuni, anarudi na maembe. Kiswahili nacho kina adhabu yake kwa anayekwepa: ukibadilisha nomino katikati ya sentensi, ngeli nayo inabadilika. Mtu ameanza, "Nimekuja kuchukua kile ki-", alikuwa anakwenda kwenye "kitambulisho", kinakataa, anarukia "ile karatasi", halafu "lile jambo la utambulisho". Anayemsikiliza anadhani hajui anachotaka, au Kiswahili chake kibovu. Kumbe anajua mno, amekuwa akipanga maneno matatu mbele kama mcheza bao.

Kuna maneno yasiyokwepeka, na ndiyo yanayoumiza zaidi. La kwanza ni jina lake mwenyewe. Jina halina kisawe. Wako wanaojitambulisha kwa jina la utani au la babu kwa sababu linatoka kirahisi, kisha dirishani jina alilotamka halilingani na kitambulisho, maswali yanaanza. Yako pia maneno yenye saa yake. "Hodi" lazima itoke ukiwa mlangoni. Kwenye kifodi cha Arusha, au Hiace ya Moshi, lazima useme "shusha" kabla ya kituo. Mwenye kigugumizi hugonga bodi, au hushuka kituo cha mbele akarudi kwa miguu.

Na ipo "shikamoo". Kwetu huku mzee akipita haisubiri. Kijana anayekwama kwenye "sh" kwa sekunde tatu, mzee ameshapita na hukumu ameshaitoa: mtoto wa fulani hana adabu. Wapo waliojifunza kuvuka barabara wakimwona mkubwa anakuja, na sifa ya kiburi ikawashika mtaa mzima. Tungewaomba wazee wa mila na viongozi wa dini walitamke hili hadharani, kwamba mtu aliyeinamisha kichwa na kutoa mkono huku midomo inahangaika ameshaamkia. Nabii Musa, anayeheshimiwa kanisani na msikitini, alilalamikia ulimi wake mzito, na hakuna mhubiri aliyewahi kumwita mjeuri.

Kuacha kuficha kunaanza na kukichunguza kigugumizi chenyewe. Dakika 5 kwa siku, kioo mkononi, mtu anaongea na simu huku akijitazama: ni wapi panapokaza? Midomo kwenye "p" na "b"? Ncha ya ulimi kwenye "t"? Koo kwenye irabu? Wengi hawajawahi kuutazama uso wao ukiwa umekwama. Siku za kwanza wanaona aibu na kukiweka chini kioo, na hilo ni la kutarajiwa.

Hatua ya pili ni kukitaja. Sentensi ni moja, inasemwa mwanzoni na si baada ya mambo kuharibika: "Nina kigugumizi, nitachukua muda kidogo." Basi. Isifuatwe na "samahani", kwa sababu samahani humwambia msikilizaji kuna kosa. Mara nyingi kukwama hupungua papo hapo, kwa kuwa nusu ya mzigo ilikuwa siri.

Ya tatu huwashangaza watu: kugugumia kwa makusudi. Mtu anachagua neno asiloliogopa, anarudia silabi yake ya kwanza taratibu, mara mbili au tatu, bila kukaza, na kumtazama msikilizaji machoni. Mara 5 kwa siku zinatosha kuanzia. Kinachoogopesha katika kigugumizi ni kuvamiwa, na ukikiita mwenyewe hakikuvamii. Zoezi hili huharibika kwa namna mbili. Mtu akilifanya haraka haraka, linageuka kigugumizi halisi. Akilifanya huku anacheka, linageuka mzaha, na woga unabaki pale pale.

Halafu inakuja kulegeza, mbinu zilizoenezwa na Mmarekani Charles Van Riper, aliyekuwa na kigugumizi yeye mwenyewe. Mtu akishakwama na neno likatoka kwa kulazimishwa, asiendelee mbele. Anyamaze kama sekunde tatu, aache koo lilegee, alirudie neno lile polepole, midomo ikigusana kwa wepesi kama anayepuliza majivu. Akizoea, anajifunza kulegeza akiwa bado ndani ya neno. Mwisho, kabla hajaliingia. Mpangilio unakwenda kinyumenyume hivyo kwa sababu kabla ya neno ndipo woga ulipo mkubwa, na baada ya neno ndipo ulipo mdogo.

Hebu tazameni zile sekunde tatu za kunyamaza. Kwa anayefanya mazoezi ndizo zenye kazi yote. Kwa karani ni nafasi: "Aaa, ulikuwa unasema cheti cha kuzaliwa, sivyo?" Amesaidia, kwa mawazo yake. Ameshatoa neno, mtu ametikisa kichwa, foleni imesogea. Na yule bwana anaondoka akiwa amejifunza kwamba neno lake halihitajiki. Wiki sita za mazoezi nyumbani zinaweza kumwagika kwenye dirisha moja.

Basi tunaomba haya. Dirishani, mtumishi amtazame mtu usoni kama kawaida, asimmalizie neno, asirudi kuandika, wala asimwambie "tulia" au "vuta pumzi". Ushauri wa pumzi unaonekana mwema, lakini anayejaza kifua kisha akafunga koo amejiongezea hewa ya kusukuma mlango uliofungwa. "Tulia" inamaanisha tatizo ni papara, na si kweli. Vioo vyenye vitundu vidogo, vinavyomlazimu mtu kupaza sauti, ni adui mkubwa, kwa sababu kupaza sauti kunakaza koo. Panapowezekana kiwekwe kitundu kikubwa usawa wa mdomo. Pawepo karatasi na kalamu kwa anayetaka kuandika, lakini asisukumiwe: karatasi iliyorushwa mezani mtu akiwa katikati ya neno ni njia nyingine ya kumwambia anyamaze. Na jina lisomwe kwenye kitambulisho kama kipo mkononi. Kumwuliza mtu jina ambalo umelishika hakumfaidii yeyote.

Polisi na mipakani jambo ni zito zaidi. Kusita, kukwepa macho, kubadilisha neno katikati, kutokwa jasho, kutaja jina kwa shida: askari amefundishwa kuziona hizo kuwa dalili za uongo. Kwa mwenye kigugumizi zote ni za kila siku, hata akitaja tarehe ya kuzaliwa. Pale Holili au Namanga, ofisa akiona hati ziko sawa na mdomo ndio unaohangaika, aulize maswali ya ndiyo na hapana kwanza, kisha arudi kwenye maelezo. Maelezo ya kituoni yaandikwe kwa maneno aliyoyasema mtu. Anayeandika asiyakamilishe kwa kukisia, maana mtu aliyechoka husema "ndiyo" ilimradi amalize.

Simu za dharura. Anayepiga 112 au 114 akakwama kwenye neno la kwanza anasikika kama simu ya mchezo, inakatwa. Mpokeaji angoje walau sekunde 10, kisha aseme: "Kama unanisikia na huwezi kuongea, gonga simu mara moja." Baada ya hapo aulize kwa kugonga: moto, mara moja, ajali, mara mbili. Utaratibu huu unamfaa pia aliyejificha na asiyeweza kupumua, kwa hiyo hautakuwa wa watu wachache.

Kwenye usaili wa kazi tungependa kukaa kidogo. Matangazo mengi yanadai "ufasaha wa kuongea" hata kwa mtunza stoo. Kama kazi inataka mtu aeleweke, andikeni kwamba inataka mtu aeleweke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, ulemavu ukiwamo, na ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Kama kigugumizi kiitwe ulemavu ni mjadala ambao wenye nacho wenyewe hawajaumaliza, na hatutausubiri uishe. Jopo lianze na swali la kazi, si "jitambulishe kwa ufupi", kwa sababu hapo mmeanza na neno gumu kuliko yote. Usaili wa dakika 20 uwe wa 30 kwa anayeomba. Na safu ya "kujiamini" kwenye karatasi ya maksi itazamwe upya. Mtu anayesimama mbele ya watu watano akijua atakwama, na akasimama, mnataka ajiamini vipi tena?

Utalii ndio unaotulisha huku, kwa hiyo waajiri wa waongozaji na wapagazi wanahusika moja kwa moja. Mwongozaji mwenye kigugumizi anaweza kazi hiyo, ila kuna mahali pawili panapomkwaza. La kwanza ni utambulisho wa asubuhi mbele ya wageni. Hilo linatibiwa na ile sentensi moja ya kukitaja, na wageni wengi hulipokea bila shida. La pili ni redio ya gari. Akibonyeza kitufe kisha akakwama, anaishika njia yote kimya, na wenzake wanadhani redio imekufa au anawazibia makusudi. Afundishwe kusubiri sauti ianze ndipo abonyeze, akianza na neno jepesi alilolichagua mwenyewe. Wenzake wakubaliane kwamba ukimya kutoka gari lake unangojewa sekunde tano. Na kwa mambo ya hatari pawepo tarakimu za kukubaliana: moja gari limeharibika, mbili mgonjwa, tatu tunahitaji kuondolewa. Mwongozaji asiye na kigugumizi naye, upepo ukivuma kule juu Kibo, atazishukuru tarakimu hizo.

Kwa upande wa tiba, wataalamu wa matamshi na usemaji nchini ni wachache, na hatutajidanganya kwamba kila wilaya itapata wake kesho. Hospitali za Mount Meru na Mawenzi, pamoja na KCMC, zitangaze kwenye ubao nani anapokea watu wazima wenye kigugumizi na siku gani. Asipokuwapo, ateuliwe mtu mmoja wa kusikiliza na kuelekeza. Chuo cha Patandi, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu, kipo hapo hapo Arusha, na walimu wake wangeweza kufundisha maofisa wa mapokezi kwa nusu siku tu. Muuguzi asiye mtaalamu bado anaweza kufanya jambo moja: kutomwahidi mgonjwa kwamba kitaisha.

Kinachowezekana bila bajeti ni vikundi, na hapa tunaomba chumba. Ukumbi wa kata Arusha na mwingine Moshi, Jumamosi moja kila wiki mbili, saa nane hadi saa tisa na nusu mchana, viti 10 kwa mduara, bila kipaza sauti. Watu 8 ndio kipimo kizuri. Wakizidi 12, wanaokwama zaidi hawapati zamu. Kikundi huharibika kwa sababu zinazojulikana: kinampata mwenyekiti asiye na kigugumizi anayeongea kwa niaba ya wote, kinageuka ibada ya maombezi, au anakuja mtu kuuza dawa ya mizizi. Kinachotakiwa ni zamu za dakika 5 kila mmoja, bila kukatizwa hata akitumia dakika zote hizo kwa sentensi mbili, na kazi moja ya kwenda nayo nyumbani, mfano kupiga simu dukani kuuliza bei ya saruji. Kikao kijacho mtu haulizwi kama aligugumia. Anaulizwa kama alipiga.

Oktoba 22 ni siku ya kimataifa ya kigugumizi, inaadhimishwa tangu 1998. Hatuombi fulana wala maandamano. Siku hiyo kila ofisi iliyotajwa hapa ichukue mtumishi mmoja wa mapokezi, saa ya ukutani ikiwa mbele yake, apime sekunde anazosubiri kabla ya kumkatiza mtu yeyote, mwenye kigugumizi na asiye nacho. Atuandikie namba aliyoipata.

Majibu ya barua hii tutayapokea kwa maandishi. Mkiona ni bora tuje ana kwa ana, tutakuja, ila tutengeeni dakika mara mbili ya zile mnazowapa wageni wengine, na kikao kisianze kwa kila mtu kujitambulisha kwa kuzunguka meza. Zamu inayokusogelea kiti kwa kiti ni ngumu kuliko hotuba. Majina yetu tutakuwa tumeyaandika kwenye vibao mbele yetu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Sisi tunaokijua kigugumizi, Arusha na Moshi